Mlio wa Breki ya Nyuma

"Bado iko nalia," Sidonie alisema kabla hata hajavua kofia.

Nshobole aliweka spana chini taratibu, kama mtu anayejizuia asiirushe. Mara ya tatu hii ndani ya siku tisa! Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, kubwa, ya safari ndefu, yenye masanduku ya bati ubavuni. Padri mmoja alimwachia Sidonie alipohama parokia. Sidonie alikuwa mkunga. Alikuwa akishuka nayo kutoka Kanyaruchinya, ambako waliokimbia vita walikuwa wamejaa hadi kando ya barabara, akiwa amempakia mama mwenye uchungu, kwenda hospitali. Na kila alipokanyaga breki, nyuma paligonga: tak.

"Plaketi za breki sikubadilisha?"

"Ulibadilisha."

"Na rulema, zile gurudumu inazungukia?"

"Ulibadilisha. Unabadilisha vitu vyote, fundi, lakini kelele haibadilike."

Muuza nyanya wa ng'ambo ya njia akacheka. Nshobole akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono. Kimya. Akalizungusha tena, sikio karibu na chuma. Kimya, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Pikipiki hii iko na roho mubaya!"

"Labda roho iko kwa fundi," Sidonie akajibu.

Neno lilimchoma, lakini lilimfanya afikiri. Gurudumu lililoning'inia halikubeba kitu wala kushikwa na breki. Akaishusha pikipiki.

"Panda, mama. Kanyaga freni, usiachie."

Sidonie akakanyaga breki. Nshobole akaisukuma pikipiki mbele, akaivuta nyuma. Tak. Akaweka kidole pale diski ya breki inapokutana na kitovu cha gurudumu, akasukuma tena. Gurudumu lilisogea kidogo. Diski ilibaki palepale.

"Si plaketi," alisema. "Diski yenyewe imelegea."

Akawasha tochi. Diski ilishikwa na boliti tano, na Nshobole alikuwa na desturi yake: kila boliti aliyoikaza kabisa aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha ya mkewe. Mbili zilikuwa na tone. Tatu hazikuwa nalo. Moja ilizunguka kwa vidole viwili.

Alikuwa amekwisha fungua kinywa amlaani fundi mjinga aliyefanya hivi. Kisha akakumbuka. Diski ile aliifunga yeye, kabla mlio haujaanza, siku mizinga ya upande wa Kibumba ilipotikisa mabati na mtaa mzima wa Mabanga ukatoka mbio, naye akiwemo. Kesho yake, mji ulipotulia, alirudisha gurudumu akiamini kazi ilikuwa imekwisha.

"Nani alifanya vile?" Sidonie aliuliza.

Uongo ulikuwa rahisi: boliti zimezeeka, barabara ni mawe ya volkano. Ulifika hadi kwenye ulimi.

"Ni miye. Siku ya mabomu. Sikukaza."

Mkunga aliinama, akaizungusha ile boliti kwa vidole.

"Juzi nilibeba Dancille. Alikuwa na mapacha ndani ya tumbo."

"Najua, mama."

"Haujue."

Nshobole alizitoa boliti zote, akasafisha nyuzi zake, akazitupa zile tatu zilizolika na kutia mpya. Akakaza kwa kupishana, moja huku, moja kule, kisha akarudia. Akatia matone matano. Sidonie alitazama akiwa amesimama. Benchi aliloonyeshwa hakulikalia. Kazi ilipokwisha akavaa kofia.

"Panda nyuma."

"Mama, niko na kazi ya watu..."

"Pale ma-mama wanakaaka. Panda."

Wakapanda hadi Kanyaruchinya, wakageuza, wakaanza kuteremka. Nshobole hakujua pa kushika. Mawe meusi yalimpita miguuni, mbio. Chini kidogo, familia iliyotoka upande wa Kibumba ilikuwa inavuka barabara. Sidonie akakanyaga breki.

Pikipiki ikasimama bila mlio. Mbele yao watu wakaendelea kuvuka: godoro juu ya kichwa, mbuzi wawili, bibi kizee aliyebebwa mgongoni, sufuria bado yenye moshi. Walikuwa wengi. Sidonie hakupiga honi, na Nshobole, nyuma yake, hakushuka.