Mpaka Sebuleni kwa Clothilde

Jumamosi moja ya Aprili, saa tisa mchana, Clothilde alirudi kutoka kwenye ghala anakofunga maboksi ya viatu, akavua buti mlangoni, akakuta mpaka wa Kanada umepita katikati ya sebule yake. Ulikuwa mstari mweupe, mwembamba, ulioanzia chini ya televisheni, ukapita kati ya kochi na meza, ukaishia kwenye ukuta wa jikoni. Upande wa huku palikuwa Garland, Texas, na joto lake lisilo na adabu. Upande wa kule palikuwa Winnipeg, sebuleni kwa dada yake mkubwa Rosette, aliyezoea kumwita yaya, na theluji ilikuwa inaanguka dirishani.

"Usikanyage kapeti," Rosette alisema kutoka kwenye kochi lake. "Nimetoka kuisafisha sasa hivi."

"Nimeshavua viatu, yaya."

Mumewe Clothilde, Wilondja, alikuwa amesimama na kofia yake yenye bendera ya Texas, amenuna. Meza yao ya kulia ilikuwa imebaki Kanada.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye WhatsApp. Tangu wakubwa wa nchi hizi mbili waanze kurushiana maneno ya ushuru, na tangu isemwe hadharani kwamba Kanada ingefaa iwe jimbo la hamsini na moja, Wilondja na shemeji yake Godefroid, mume wa Rosette, hawakuwa na amani. Jamani, wanaume hawa walikimbia vita Fizi, Kongo, kwa miguu, wakala unga uleule wa kambini Kigoma miaka kumi na saba. Leo mmoja ni Mmarekani kuliko mtu aliyezaliwa Dallas, na mwingine ni Mkanada kuliko theluji yenyewe. Godefroid aliapa kwamba chungwa la Florida halitaingia kinywani mwake. Wilondja akaapa kwamba timu ya hoki ya Dallas itawatia Wakanada adabu, ingawa barafu pekee aliyowahi kuikanyaga ni ile iliyomwangusha kwenye maegesho ya kanisa.

Kila walipotukanana, mstari ulisogea. Jumatatu Godefroid alitwaa kochi. Jumatano Wilondja aliikomboa meza pamoja na bukari, ugali wa watu, lililokuwa juu yake, na Wakanada wakalala na njaa. Binamu mmoja wa Wilondja alitoka Gulfton, mtaa wa Houston, akaendesha gari saa nne, akatazama ule mstari, akauliza kama kuna mpango wa kuufikisha Montreal, maana ana mdogo wake kule. Alipoambiwa hapana, alikunywa soda akarudi Houston.

Clothilde hakuwa na habari na bendera. Aliyemtaka kule ng'ambo ni mtu mmoja tu, binti yake wa kwanza, Esperance, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa.

Huyo Esperance alifikaje Kanada na mama yake yuko Texas? Ni karatasi ya posho. Kule kambini Rosette na Godefroid walikuwa wawili tu kwenye karatasi yao, na watu wawili walipewa kijumba cha kupumulia na mafuta ya kupaka sufuria. Clothilde alikuwa na watoto watatu na mwingine tumboni. Basi wakamwandikisha Esperance, wa miaka minne, kama mtoto wa Rosette. Hakuna nyumba katika mtaa ule ambayo haikufanya hivyo. Watoto walihama karatasi, jioni wakarudi kulala kwa mama zao. Nani alijua kwamba miaka ingepita, waje watu na kompyuta, waitwe watu kwenda ng'ambo kwa karatasi? Ya Rosette ikaitwa Kanada, ya Clothilde, yenye watoto wanne, ikaitwa Marekani. Esperance alikuwa na miaka kumi na saba. Alipandishwa basi la Rosette, na Clothilde alikimbia pembeni ya basi lile mpaka kandambili zikamtoka.

Na sasa binti anazaa. Kwao, uzazi wa kwanza wa binti ni kazi ya mama yake. Mama ndiye humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo na kumpikia uji. Clothilde alikuwa ameomba viza mapema, na barua ilirudi ikisema kwamba mama mdogo si sababu ya kutosha.

Mtoto alizaliwa Alhamisi, wa kike. Ijumaa mchana Esperance alirudishwa kutoka hospitali, akalazwa kwenye kochi la Rosette, hatua tatu kutoka mahali Clothilde aliposimama na beseni la maji na taulo begani. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, ameshachemsha maji mara mbili, na mara mbili yalikuwa yamepoa akizunguka nayo kando ya mstari, akiogopa kuvuka bila viza.

Siku hiyo hiyo afisa wa mpaka alifika kutoka upande wa Kanada na kiti cha kukunja. Alikaa karibu na televisheni, Rosette akampa chai ya tangawizi, akashukuru. Alieleza kwa upole kwamba mzazi wa aliyejifungua anaweza kuvuka mchana ule, akae hadi binti atakapopona. Ndugu wengine, hapana.

"Wewe ni nani wake?" alimuuliza Clothilde.

Godefroid, ambaye asubuhi ile aliimba wimbo wa taifa bafuni mpaka jirani akagonga ukuta, alianza kuchunguza soksi zake. Wilondja alivua kofia. Mashemeji hawa hawakuwa wamekubaliana jambo lolote tangu Januari, na sasa walikuwa na woga mmoja. Akisema ni mama yake, basi Rosette alidanganya, na Godefroid, na Wilondja, na yeye mwenyewe. Makaratasi ya nyumba mbili yangefunguliwa upya, ya Esperance yakiwa ya kwanza.

"Mama, mwambie," Esperance alisema kwa Kiswahili. "Mimi siogopi tena."

Clothilde alimtazama. Alimwona uso umevimba, mtoto amelala kifuani, na dirishani nyuma yake nchi nzima ambayo ingeweza kumtoa.

"Mimi ni mama yake mudogo," alisema.

Afisa aliandika. Kisha akasema, samahani sana, beseni linaweza kuvuka lakini yeye hapana. Rosette akalipokea.

Rosette hakubahatika kuzaa, na mikono yake ilijua kushona tu. Aliloweka taulo, akaligusisha tumboni kwa Esperance kama anayefuta vumbi.

"Si hivyo, yaya. Kamua kwanza. Kandamiza! Anzia juu, shuka polepole."

"Ataumia."

"Aumie. Hii njo kazi yenyewe. Teremka. Hapo, shikilia."

Esperance alilia, Rosette naye akalia, ila mikono ikaendelea. Clothilde alikuwa anapiga hatua kushoto, kulia, viganja vyake vikikandamiza hewa ya Texas. Wanaume walikuwa wamerudi kwenye mambo ya hoki, kwa sauti ya chini.

Afisa alikuwa mtu mwema. Alimaliza chai yake, akatazama ile kazi kwa heshima, akafungua tena fomu yake.

"Mama mdogo, unaonekana umezoea," alisema. "Wewe mwenyewe una watoto wangapi?"

Esperance aligeuza shingo kumtazama.

"Watano," Clothilde alisema. "Kandamiza, yaya, maji yanapoa."