Jina Alilolijua Agnès

Wakubwa waliamka siku moja wakafuta majina ya Kikristo Zaïre nzima. Nani aliulizwa? Mwalimu Numbi hakuulizwa, na hakusahau.

Darasani kwake, mtaani Manika, walisoma watoto ambao akili zao huenda polepole. Mmoja wao, Agnès, Numbi alikuwa amemfundisha miaka mingi kukunja shuka pembe kwa pembe, na kugeuka akiitwa. Sasa Agnès amekuwa binti mzima, na hospitali imemchukua kwa majaribio katika chumba cha kufulia. Jioni hii chef Kazadi, mkuu wa wafuaji, angesema: abaki, au arudi kukaa uani kwao kama kiti kilichovunjika mguu.

Numbi alimkuta Kazadi amekwisha kuamua: arudi kwao. Mikono ya binti ni mizuri, alisema, lakini masikio hakuna. Unamwita kwa jina lake, Ngalula, hageuki. Juzi toroli la maji moto nusura limuunguze, na watu wote wanapiga kelele, Ngalula, Ngalula!

"Ule anangojea bamutumie convocation, barua ya kumwita," mfuaji mmoja akasema, na wenzake wakacheka.

Hasira ikampanda Numbi. Ngalula lilikuwa jina la bibi yake Agnès. Baba aliliandikisha ili binti apate kitambulisho, akadhani limekwisha kumwingia kichwani. Hakuna aliyemfundisha.

"Tata Kazadi, mutoto si kiziwi. Ile jina haijue. Yeye anajua Agnès."

Vicheko vikakatika. Kwa kutamka jina la Kikristo kama hilo, mtu aliweza kuitwa ajieleze mbele ya watu wa chama tawala. Kazadi akatazama dirisha lililo wazi.

"Mama, unatafuta banifukuze kazi?"

"Bakubwa balitubadilisha majina siku moja. Na wewe, ulizoea siku ile ile?"

Kazadi aliitwa Louis tangu kubatizwa, na mke wake, mlango ukifungwa, alimwita Louis hata leo.

Akaenda kufunga dirisha. Akarudi, akasimama nyuma ya binti, akasema kwa sauti ndogo:

"Agnès Ngalula."

Binti akageuka, shuka mkononi, pembe kwa pembe.

"Tata?"

Kazadi akawaambia wafuaji kwamba humu ndani ataitwa hivyo, yote mawili pamoja, mpaka la pili nalo limwingie. Anayetaka kwenda kusema kwa chama, njia anaijua.

"Kesho usichelewe," akamwambia binti, kisha akaenda kufungua dirisha, maana mvuke ulikuwa umejaa.