Kupiga Hodi Nyumbani Kwako

Mnyororo wa miwa haukuwa umesimamishwa. Ulikuwa umekwama tu, na Osundwa alikuwa amepanda juu yake.

Mwaka huo, 1998, kiwanda chetu cha sukari kilileta kompyuta ya aina nyingine kuendesha mnyororo huo unaobeba miwa hadi kwenye mashine ya kusaga. Programu haikubadilishwa. Chepkemoi, aliyeiandika, aliihamisha tu.

"Madam, ni ile ile?" nilimwuliza.

"Ile ile, mzee. Kila neno."

Tuliijaribu mnyororo ukiwa mtupu. Nikibonyeza kitufe cha kusimamisha, unasimama. Basi tukapakia miwa.

Siku ya pili nilibonyeza, kioo cha kompyuta kikaganda, mnyororo ukaendelea. Nikakimbilia swichi kuu ukutani nikakata umeme. Osundwa, mpakuaji wetu, akacheka. "Hii kitu inaringanga kama bibi harusi! Ibembeleze."

Chepkemoi alitaka tusimame akague. Meneja akasema miwa inakauka juani, akague Jumatatu.

Ijumaa furushi la miwa likabana mnyororo.

"Zima, mzee!" Osundwa akaniita.

Nikabonyeza. Taa ya kitufe ikawaka nyekundu, ishara ya kusimama. Osundwa aliiona, akapanda, akaanza kuchomoa mabua. Nikatazama kioo. Saa iliyo pembeni haikuwa ikisonga.

"Shuka! Osundwa, shuka!"

Bua likachomoka, mnyororo ukaondoka naye.

Jumatatu Chepkemoi alinieleza. Programu ina kazi nyingi zinazokwenda pamoja, na kufuli moja: kazi iliyoshika kufuli ndiyo pekee inayoamuru mnyororo. Kazi ya kusimamisha ilishika kufuli. Kwa kuwa palikuwa na miwa, ikaenda kwanza kuandika uzito, na huko ikaomba kufuli ile ile. Kompyuta ya zamani ilimtambua mwenye kufuli, ikampitisha tena. Hii mpya haiulizi wewe ni nani. Ilimwambia angoje kufuli iachiwe, na aliyeishika ni yeye mwenyewe.

"Kwetu mtu hapigi hodi nyumbani kwake," nikasema.

"Huyu alipiga, mzee. Akangoja akaribishwe, na ndani hamna mtu mwingine."

Alirekebisha kwa kuchagua kufuli inayomtambua mwenyewe. Hata chai yake haikupoa.

Osundwa aliacha pale mkono wa kulia, kuanzia kiwiko. Aliacha na kazi. Vifungo vya shati anafungwa na Navalayo, mkewe.