Jasho Likishapoa

Hakuna aliyewahi kumpiga Trekta akabaki na meno yake. Mabega yake yalikuwa kama mlango wa ghala, na mikono yake sisi wakandaji wa unga pale bekari tulijua imepita wapi, maana mkewe alikuwa amerudi kwao mdomo umepasuka, na habari ya mdomo ule ilifika kwenye meza yetu kabla unga haujaumuka.

Kwao mwanamke huyo kulikuwa na kaka mmoja tu, Njiti, msambazaji wa mikate kama Trekta. Wote wawili walipakia kreti kwenye baiskeli kila asubuhi, wakapanda mlima hadi maduka ya juu, wakashuka. Njiti alikuwa mwembamba hata tukawa tunamtania kwamba upepo ukivuma ajifunge kwenye kreti. Siku alipojaribu kumuuliza shemeji yake habari za dada, alirushwa juu ya magunia ya unga kama taulo.

Sasa baba yao alikuwa amekata shauri: jioni ile binti arudi kwa mumewe. Alisema ndoa ni kuvumiliana na hakuna nyumba isiyofuka moshi. Njiti alimjibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzee akamwambia anyamaze, yeye hata mke hana.

Mlima ule una tabia yake. Anayeupanda kwa nguvu hutoka jasho kama amemwagiwa ndoo, kisha akishuka upepo unamla, joto lote linamkimbia. Anafika akitetemeka, vidole havifungi hata kifungo. Ndiyo maana kila msambazaji akirudi huvua fulana mbichi, akavaa sweta lake kavu na kuligeuzia tanuri mgongo mpaka mwili umtulie. Trekta ndiye aliyekuwa akikaa pale muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa mwili mkubwa hutoa jasho kubwa. Sisi tulikuwa tukimcheka. Njiti alikuwa akimtazama.

Asubuhi ya siku hiyo ya kurudishwa binti, mbele yetu sote, Njiti alimwambia, "Shemeji, nasikia wanaopiga wanawake pumzi yao huishia chumbani. Leo hunipati mlimani, kwenda wala kurudi."

Trekta alicheka, akasema atarudi, ataoga, atalala na kuamka ndipo Njiti atokee. Wakaondoka.

Trekta akarudi wa kwanza, kichwa kinafuka mvuke, anajisifu kabla hajashuka kwenye baiskeli. Alichokuwa hajui ni kwamba Njiti aliishia katikati ya mlima, akajificha nyuma ya jiwe amevaa koti, akamngoja apite akishuka, ndipo akamfuata polepole. Aliingia uani mkavu kabisa. Akatupa koti, akapita mbele ya Trekta, akakaza komeo la chumba cha tanuri, fundi wetu wa kuchoma mikate akiwa ndani na sweta la Trekta likiwa ndani pia. Mkononi alishika pampu ya chuma ya baiskeli.

Mwanzo Trekta alidhani ni utani. Kisha midomo ikambadilika rangi, magoti yakaanza kugongana.

"Fungua, shemeji. Baridi."

"Dada alipokuomba umwache, ulimwacha?"

Pampu ikatua mbavuni. Trekta alirusha ngumi, lakini mkono ulikuja kama tambara lililolowa, vidole havikukunjika. Ikatua gotini, akaanguka. Ikatua begani, mgongoni, sikioni, damu ikachanganyika na unga uliomwagika pale uani ikawa donge. Hatukuharakisha kuwaamulia. Mimi mwenyewe nilikuwa na unga mikononi.

"Sema mbele ya watu hawa kwamba hutamfuata tena."

Trekta akasema. Meno yalikuwa yanagongana hata akajing'ata ulimi, lakini alisema, tukasikia.

Fundi alikuwa anaupiga mlango mateke. Tukamfungulia, tukamburuta Trekta hadi kwenye tanuri na kumvisha sweta, maana mtu ni mtu. Njiti alibaki kwenye ngazi ya uani, anahema, anatusimulia tuliyoyaona kwa macho yetu. Kumpiga mtu mkubwa kiasi kile nako ni kazi ya mlima: fulana ilimganda mwilini, na upepo ulikuwa unapita pale pale alipokaa. Alikuwa bado anasimulia meno yalipoanza kumgonga.

Ndani, Trekta alikuwa amepata moto. Alisimama. Akachukua ule ubao wa mpini mrefu wa kutolea mikate na kutoka nao. Njiti akaiwahi pampu, ikamponyoka vidoleni. Akainua mkono kujikinga. Mfupa ulivunjika kwa mlio wa ganda la mkate likibanwa. Trekta akapiga tena palepale.

Hapo tukamvamia. Vijiti vya kusukumia unga, makreti, mateke. Fundi akambandika trei ya moto shavuni, tukasikia ngozi ikilia. Alikimbia akaacha baiskeli.

Njiti alifungwa mkono zahanati, nasi wakandaji tukampeleka kwao, kundi zima, hakuna aliyetaka kusimuliwa. Dada yake alikuwa sebuleni, sanduku limeshafungwa, anangoja kurudishwa. Mzee alipouona mkono wa mwanawe alinyanyuka kitini. Akalia, mzee mzima. Akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayekanyaga tena kwa yule mnyama, na sanduku lifunguliwe sasa hivi.

Binti hakuligusa sanduku. Alimfunika kaka yake blanketi, kwa kuwa alikuwa bado anatetemeka, kisha akamgeukia mzee.

"Baba, mdomo wangu haukutosha?"

Mzee akainama akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti. Alikuwa amevivaa.