Somo la Alhamisi

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha polisi alifungua ukumbi, akabonyeza swichi, taa tatu kati ya sita zikawaka, akaona kwamba mkono wa kushoto wa Mjomba umevunjika. Aliweka kikombe chake cha chai dirishani, akavuta stuli, akaupapasa ule mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Ulikuwa umevunjika mahali pawili. Turubai lilikuwa limevimba na kuvilia damu.

Mjomba alikuwa sanamu la kufanyia mazoezi ya rungu: turubai lililoshindiliwa pamba na kufungwa kwenye nguzo ya chuma, na macho mawili aliyochorwa kwa rangi na makuruta wa zamani, ambao ndio waliompa jina. Mifupa hakuwa nayo. Hata hivyo, kwa mwaka wa tatu sasa, kila mara askari aliyepita katika ukumbi ule alipompiga mtu kupita kiasi huko mitaani, jeraha lilimtokea Mjomba kabla ya saa ya chai. Alikwisha kupasuka nyusi mara kumi na moja, na kupoteza meno ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mwalimu alimshona kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na alikuwa amemzoea kama mtu anavyomzoea mgonjwa wa nyumbani.

Mtunza stoo alikuja na fomu ya vifaa vilivyoharibika.

"Leo ni nani?" aliuliza.

"Fundi viatu wa pale sokoni. Nimesikia redioni."

Mtunza stoo akaandika, kwenye nafasi ya sababu, uchakavu wa kawaida.

"Andika kipigo," Mwalimu alisema.

"Fomu ina sababu nne, Mwalimu. Moto, maji, panya na uchakavu. Kipigo hakimo. Unataka niandike panya?"

Mwalimu alitia uzi kwenye shazia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, sajini tangu zamani, na hasira yake ilikuwa imeshamkaa kooni kama mwiba wa samaki: haimeziki, haitemeki.

Mafunzo ya rungu, kwa mujibu wa ratiba, yalikuwa ya siku kumi. Jumatatu ya kwanza kuruta alifundishwa namna ya kushika rungu na mahali pa kupiga. Jumanne na Jumatano alirudia. Alhamisi ndipo alipofundishwa kuacha: kurudi hatua mbili nyuma, kushusha mkono, kusema na mtu, kumwangalia kama bado anapinga au ameshaketi chini. Mtu aliyeipanga ratiba ile hakuwa mjinga. Alidhani tu kwamba Alhamisi ingefika. Sasa ilikuwa miaka mitatu kila kundi linachukuliwa siku ya kwanza saa kumi jioni, mara likalinde uwanja wa mpira, mara likasimame barabarani mgeni apite, na halirudi. Lakini cheti hakitoki mpaka visanduku vyote kumi vya daftari la mahudhurio vitiwe alama. Mwalimu alikuwa akivitia, kisha anaweka sahihi. Funika kombe mwanaharamu apite. Alijiambia hivyo mara ya kwanza, na baada ya hapo hakuhitaji tena kujiambia.

Saa nne konstebo aliyemvunja fundi viatu alikuja mwenyewe. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akausogelea mkono wa Mjomba, akautazama bila kuugusa.

"Ndio huu?"

"Ndio huo. Ilikuwaje?"

"Tulikuwa tunaondoa vibanda. Akang'ang'ania meza yake, nikampiga. Akaketi chini, akawa anasema basi afande, basi. Mimi nikawa nasubiri nijue kinachofuata ni nini, na mkono unaendelea." Akaizungusha kofia vidoleni. "Pa kupiga ulitufundisha vizuri. Kuhusu kuacha, ulisema tutaona Alhamisi."

"Na akili uliyozaliwa nayo, nayo ilikuwa inasubiri Alhamisi?"

Mwalimu alimchukia kwa muda wa kama dakika moja, kisha akakumbuka ni sahihi ya nani iliyo daftarini, na chuki ikakosa pa kukaa.

Jumatano ya wiki iliyofuata kamati ya uchunguzi ilikaa. Mwalimu alimfungua Mjomba kwenye nguzo, akambeba mgongoni kupanda ngazi mbili. Alikuwa mzito kuliko pamba inavyotakiwa kuwa, kwa kuwa ndani mlikuwa na miaka mitatu. Mtunza stoo alitembea kando yake mikono mitupu, akimtia moyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kamati ilimpa Mjomba kiti. Daktari aliiweka picha ya mifupa ya fundi viatu kando ya turubai, akapima kwa rula, akasema mivunjo inalingana. Katibu akaandika kwamba inalingana. Fundi viatu, mkono ukiwa ndani ya plasta, alimtazama Mjomba, akamwambia pole.

Mwenyekiti alifungua daftari la mahudhurio.

"Konstebo huyu alihudhuria siku kumi. Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, na ni ya uongo. Nilimfundisha alasiri moja. Sijamfundisha kuacha, na wala sijamfundisha yeyote kwa miaka mitatu. Niadhibuni. Ila nina ombi moja. Jumatatu wanakuja arobaini wengine. Kama mna alasiri moja tu ya kunipa, niacheni nianze na somo la Alhamisi."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake kushoto na kulia.

"Mwalimu, mtu anafundishwaje kuacha jambo ambalo hajaanza?"

Wenzake wakaona ni hoja nzito. Katibu akaiandika pia.

Uamuzi ulitoka Ijumaa. Daftari lilikuwa kamili, kwa hiyo mafunzo hayakuwa na kasoro, kwa hiyo kosa lilikuwa la konstebo peke yake, naye akahamishiwa kituo kingine, na rungu lake akaenda nalo. Kuhusu sanamu, kamati ilikubali kwamba linapata majeraha ya raia, ikaona hiyo ni dalili ya uzee, ikaagiza liondolewe na mahali pake liwekwe jingine la mpira mgumu lisiloshika alama.

Mwalimu alimchukua Mjomba nyumbani, akamweka jikoni karibu na dirisha. Jumamosi fundi viatu alikuja kumjulia hali, plasta ikiwa ingali mkononi. Walimshona pamoja, Mwalimu akishikilia turubai, yeye akipitisha sindano kwa mkono wa kulia.

"Watu hudhani mkono wa kazi ni wa kulia," fundi alisema. "Huu unachoma tu. Kiatu kinashikwa na wa kushoto." Alijaribu kukunja vidole vya kushoto. Viwili vilikataa. "Yule kijana alifundishwa na nani?"

"Na mimi."

Fundi akavuta uzi, akakaza fundo. "Anapiga barabara," alisema, na wakaendelea kushona.

Jumatatu makuruta arobaini waliingia ukumbini. Sanamu jipya lilikuwa linang'aa. Mwalimu aliwapanga mistari minne, akawaambia waweke marungu sakafuni.

"Leo tunaanza na kuacha," alisema.

Walikuwa wamerudi hatua mbili nyuma, mara moja tu, wakati mkuu wa chuo alipoingia na ratiba mkononi. Hakugomba. Alivuta kiti, akaketi mbele kabisa, akaifungua ukurasa wa kwanza. Makuruta wakaokota marungu. Saa kumi lori likaja likawachukua.

Daftarini Mwalimu alitia alama kisanduku kimoja tu kwa kila jina, akakataa kuweka sahihi. Asubuhi alikuta vyote vimejaa, vimetiwa alama kwa wino wa bluu na mkono nadhifu kuliko wake, na chini kuna sahihi yake, isiyotofautiana na ile ya siku zote. Vyeti vilikuwa vimeshachapwa.

Jioni alipitia kibanda cha fundi viatu, ambacho sasa kilikuwa nyuma ya soko, karibu na jalala.

"Nataka uzi," alisema. "Ule mnene."

"Wa kumshona nani?"

"Mjomba."

"Si tulimmaliza Jumamosi?"

"Wametoka arobaini jana."

Fundi alitoa uzi. Aliuma ncha ya uzi kwa meno, kwa kuwa mkono wa kushoto haukushika, akaanza kupima.