Kamera ya Mama Vifungo

Wenye vibanda na wenye nyumba, na hasa nyinyi mama zangu ambao watoto huwawekea vitu kwenye kompyuta kisha wakaenda zao, someni hii taratibu.

Kulikuwa na fundi wa cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Sebule yake ndiyo ilikuwa duka, na kupitia dirisha la nyuma la sebule hiyo mtu asiye na haya alimwibia majora mawili ya kitambaa. Binti yake akamletea kompyuta yake ya zamani yenye kamera, akaingiza humo programu ya ulinzi. Kitu kikipita mbele ya kamera, simu ya mama inalia na kuleta picha. Na akitaka kuona chumba chenyewe saa hiyo hiyo, anafungua linki tu, hata akiwa mwisho wa mji. Binti alimsisitizia aweke neno la siri. Mama Vifungo akaitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umejaa pini.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Simu ikilia, ni pazia. Ikilia tena, paka. Ya tatu ilimkuta kwenye foleni ya maji: mama mkwe wake, ambaye kila siku hulalamikia magoti, anacheza na ufagio mbele ya kioo, kiuno kinazunguka kama gurudumu la cherehani. Mama Vifungo alicheka mpaka akaomba pa kukaa.

Sasa angalieni kosa lilipoingilia. Fundi huyu alikuwa na desturi ya kutuma picha za nguo zilizokamilika kwenye kundi la wateja wake la simu. Akawaza, badala ya kupigiwa kila saa kuulizwa nguo imefika wapi, si wajionee wenyewe? Akaituma ile linki kwenye kundi. Neno la siri hakuweka, maana duka la fundi ni la kila mtu, utamfungiaje mteja mlango?

Kufika jioni mteja mmoja alikuwa amenuna, kwamba ameona gauni la jirani yake linashonwa kabla ya lake. Mwingine alimsifu mama mkwe kwa uchezaji. Mama Vifungo akajiona amekuwa mtu wa kisasa kweli kweli. Tena akaipandisha kompyuta juu ya kabati, ili kamera ilione vizuri lile dirisha la nyuma. Kwamba chini ya dirisha hilo ndipo kuna kona ya kupimia nguo, na kwamba kutoka juu ya kabati pazia la kona hiyo halifichi hata kidole, hilo halikumjia.

Siku ya tatu alikwenda kununua zipu. Alipofika, muuza nyuzi alikuwa ameinamia simu, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Shoga, mama mkwe wako leo anacheza na mto," akamwambia.

Muuza nyuzi hakuwa mteja wake. Alipomuuliza ameipata wapi, akajibiwa kwamba ametumiwa na wifi yake, naye wifi alitumiwa na fundi redio. Mama Vifungo akafungua simu yake. Pembeni ya picha kulikuwa na namba ambayo siku zote alidhani ni ya joto la chumba. Muuza nyuzi akamweleza: hao ni watazamaji. Arobaini na tatu.

Hapo hapo, kwenye picha, mlango ukafunguka. Akaingia Mwalimu Mkuu wa shule ya mtaa, amekuja kupimwa gauni, nusu saa kabla ya miadi kama kawaida yake. Mama mkwe akamkaribisha, akamwonyesha kona, akamvutia pazia. Kwenye simu zote arobaini na tatu, Mwalimu Mkuu akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Na kesho yake mama huyu alikuwa na mkutano wa wazazi, wazazi wale wale wa kwenye kundi.

Mama Vifungo akapiga simu nyumbani. Akaiona simu ya mama mkwe ikicheza mezani, na mama mkwe akiigeuza kifudifudi, kwa kuwa mbele ya mgeni simu hazipokelewi. Muuza nyuzi ndiye aliyeiona alama ya kipaza sauti kwenye kioo cha simu. Akaibonyeza, ili sauti itokee kwenye kompyuta kule nyumbani.

"Mama, ni mimi. Funika hiyo kompyuta."

Mama mkwe akatazama dari, akafungua kabati, akachungulia ndani.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Kwa muuza nyuzi."

"Basi rudi uongee ukiwa hapa. Tuna mgeni."

Kifungo cha tatu kilikuwa kinafunguka. Mama Vifungo angeweza kusingizia moto, na ulimi ulishaanza kutunga. Lakini mtu akikimbia moto huku blauzi iko wazi, si ndiyo balaa zaidi? Akasogeza simu mdomoni.

"Mwalimu, usivue. Kuna watu arobaini na tatu wanakuona, na kosa ni langu."

Mwalimu Mkuu hakupiga kelele. Alifunga vifungo kimoja kimoja, akapanda juu ya kiti, akaisogelea kamera mpaka miwani ikajaa kwenye kioo cha simu.

"Nahesabu mpaka tano," alisema. "Moja."

Ile namba ya watazamaji ikashuka: ishirini na nane. Alipotaja mbili, tisa. Muuza nyuzi mwenyewe aliizima simu yake, akaitupa kwenye boksi la zipu. Kufikia nne walibaki wawili.

"Mmoja ni mimi, Mwalimu," Mama Vifungo akasema kwa unyonge.

Kisha sauti nzito ya kiume ikatoka kwenye kompyuta. "Na mimi, fundi redio. Samahani Mwalimu, sioni pa kutokea."

"Zima simu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mama Vifungo alirudi mbio, zipu shingoni kama mashada. Alimkuta Mwalimu Mkuu amepakata kompyuta, binti yuko hewani anaelekeza. Ile linki ya zamani ilikuwa imeshafutwa, kamera imeelekezwa mlangoni. Lilibaki neno la siri tu. Mwalimu akaamuru wote wageuke ukutani wakati Mama Vifungo analiandika.

"Hata mimi?" akauliza mama mkwe.

"Wewe kwanza, Mama," akasema Mama Vifungo.

Walipomaliza, Mwalimu Mkuu alitandaza mtandio juu ya kompyuta, akauchomekea vizuri pembe zote, akakagua kama anakagua daftari. Mama Vifungo alisimama katikati ya chumba na zipu zake, hajui aombe radhi kwa maneno gani, wala kama mteja huyu bado ni wake. Akamwona anaingia nyuma ya pazia. Akasikia kifungo cha kwanza.

"Lete tepu," ikasema sauti kule nyuma. "Na ukifika kiunoni, niandikie namba tu. Usiitaje."