Mkebe wa Dawa

Mdogo wangu alikufa kwa vidonda vya tumbo, na dawa za kumponya zilikuwa kwenye mkebe wangu.

Mkebe ulikuwa wa biskuti, ukikaa kwenye rafu ya gundi pale karakana. Mtu akipona, dawa zilizobaki huzitia humo. Anayeumwa huja kwangu, nami namkatia vidonge kwa mkasi. Akiba haiozi, nilikuwa nawaambia, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyelalamika.

Mdogo wangu tulimwita Msasa, maana hakuna aliyelainisha mbao kama yeye. Tumbo lilimsumbua mwaka mzima. Hatimaye mkewe akamburuta hospitali. Daktari alimpa dawa aina tatu, kila aina kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa siku kumi na nne. Akamkataza kugusa dawa za maumivu.

Siku ya sita jioni, akiwa ameshameza, Msasa akaja anapiga mluzi.

"Kaka, tumbo kimya. Jana nimekula maharage na pilipili juu."

"Sasa unaendelea kumeza za nini? Leta huku, kuna wenzako wataumwa."

"Daktari alisema nimalize."

"Daktari hana mkebe," nikasema. Watu wakacheka, naye akacheka, akazitia.

Wiki hiyohiyo Fundi Sofa, mwenzetu wa karakana, alivimba jino. Nikamkatia vidonge kumi, vile vya Msasa. Jino likatulia. Nikajiona tabibu.

Kisha tukapata kazi ya madawati arobaini ya shule. Msasa aliinama kwenye randa kutwa nzima, mgongo ukamkaza. Nikafungua mkebe, nikampa vidonge vyangu vya mgongo.

"Hizi si ndizo nilizokatazwa?"

"Ulikatazwa ukiwa mgonjwa. Wewe umepona, hujapona?"

"Nimepona."

"Basi meza, tuna madawati."

Akameza, asubuhi na jioni. Mgongo ukalegea, tumbo likaamka. Akaanza kununua vile vidonge vyeupe vya kutafuna, vya kiungulia, akawa anatembea navyo kwenye mfuko wa aproni.

"Mwalimu, unamaliza chaki," Fundi Sofa akamtania.

"Bila chaki utasoma wapi, mjinga wewe?" Mdomo wake ulikuwa mweupe pembeni. Ile chaki ilimpoza kwa saa moja hivi, basi akawa anaongeza.

Siku moja aliniita nyuma ya rundo la mbao. "Kaka, naenda choo cheusi. Cheusi kama lami."

"Umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Ni hiyo chaki yako. Iache."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Sikumwambia mkewe, maana Msasa aliniomba nisimwambie, na madawati yalibaki saba.

Kesho yake alianguka juu ya maranda, randa bado mkononi. Alitapika kitu kama machicha ya kahawa, kisha damu yenyewe. Tulimpakia kwenye gari la kubebea mbao. Hospitali walimwongezea damu, nikatoa na yangu. Daktari alisema kidonda kimetoboa mshipa. Akauliza alikuwa anameza nini. Nikamtajia vidonge vya mgongo. Aliacha kuandika, akaniangalia.

"Nani alimpa?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Msasa alifariki kabla ya saa sita mchana.

Baada ya mazishi shemeji alinijia karakana. Hakukaa.

"Shemeji, nyumbani nimetafuta dawa zake, sioni hata karatasi. Mimi nilijua anamaliza. Kila asubuhi aliniambia kameza."

Niliteremsha mkebe, nikaumwaga mezani mbele yake. Pakiti zilikuwa zimekatwakatwa kwa mkasi, nyingine hazina hata jina. Tulichambua aina zake tatu, yeye akihesabu kwa sauti, mimi nikipanga.

Daktari alimpa vidonge themanini na vinne. Msasa alimeza thelathini na sita. Fundi Sofa alimeza kumi kwa ajili ya jino. Mezani kulikuwa na thelathini na vinane.

Shemeji alirudia kuhesabu. Vilikuwa thelathini na vinane vilevile.